Isale na Haki ya Kukataa



Wazee wetu wa Kichaga mlioteremka kutoka Marangu, Kibosho na Machame, mmea wa isale mnaujua kuliko mimi, maana ndio mpaka wa vihamba vyenu, mashamba yenu ya ukoo. Mnajua pia kazi nyingine ya isale. Aliyemkosea mwenzake hupeleka jani lake kuomba radhi, na anayepelekewa amebanwa: kulikataa ni kujiitia balaa. Kisha wazee huketi, fidia hutajwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, hunywewa.

Linganisheni na Mahakama ya Wilaya. Jalada linaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mama aliyeibiwa kahawa amekuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Akishajibu maswali, hana tena neno. Faini ikitozwa inaingia serikalini. Mwizi akifungwa katika gereza la Karanga, kahawa ndiyo imekwenda. Mahakama inaweza kuamuru fidia, lakini kumkamua mfungwa fidia ni kazi nyingine. Mtaalamu wa jinai Mnorwei, Nils Christie, aliandika mwaka 1977 kwamba dola imewapokonya watu ugomvi wao, nami sijaona hoja iliyomshinda.

Kinyume chake, mfumo unaoitwa haki rejeshi unauliza kwanza nani ameumizwa, anahitaji nini, na nani awajibike kukitengeneza kilichoharibika. Vitabu vingi huanzia Elmira, Kanada, mwaka 1974, vijana wawili walipopelekwa kubisha hodi kwa watu 22 waliowaharibia mali. New Zealand mwaka 1989 iliviingiza vikao vya familia katika sheria ya watoto, ikijifunza kwa Wamaori. Mzee wa Uru, hapa mlimani, angeshangaa tu kwamba jambo hili lilihitaji kugunduliwa.

Hata hivyo sikuja kuisifu isale. Mmisionari Bruno Gutmann, katika kitabu chake cha sheria za Wachaga cha mwaka 1926, aliupenda mno ukoo, akauona kama mwili mmoja usio na mnyonge ndani yake. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyetafiti hapa Kilimanjaro na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alimwona mnyonge: mjane, na mtoto wa kati ambaye si kifungua mimba wala kitinda mimba, ardhi ikizidi kuwa finyu. Wanaoketi kukupatanisha ndio hao hao wanaokitaka kihamba chako. Amani inapatikana, naam, lakini ulizeni imelipiwa na nani.

Ubaya unazidi pale binti anapobakwa, kisha wazee wa pande mbili wakasema yaishe kifamilia. Ng'ombe anakwenda kwa baba. Binti hakuulizwa, na kesho atakutana na mtu yule yule kisimani. Hapo isale inafunika jinai. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania ya mwaka 1985 ilipima vizuri: mahakama inaweza kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyo mazito, si zaidi ya hapo. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mabaraza ya Kata, ambayo kazi yao ya kwanza ni usuluhishi. Njia ipo. Tunaipita kwa nadra kwa sababu polisi, wazee na mahakama kila mmoja anavuta kesi upande wake.

Ninachodai ni kimoja: aliyekosewa awe na haki ya kukataa. Aulizwe peke yake, mbali na mashemeji, na akikataa kesi iendelee bila mtu kumnunia wala kumtishia laana. Akikubali, makubaliano yaandikwe na yawe na muda. Kwa mkungu wa ndizi, kuku, au ngumi za kilabuni, utaratibu huo unatosha.

Limebaki suala la mkosaji maskini, nalo wasomi hulikwepa. Mwenye ukoo mkubwa huchangiwa mbuzi jioni ile ile. Kijana wa bodaboda wa Pasua au Njoro, mjini Moshi, aliyekuja kutoka Singida, hana mjomba wa kumbebea jani. Tukiacha fidia iwe mbuzi tu, tutakuwa tumewauzia wenye ndugu msamaha na kuwaachia wengine Karanga. Basi alipe kwa mikono: apalilie kahawa aliyoiba, azibue mfongo, yaani mfereji, unaomwagilia shamba la jirani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 tayari inakubali kazi badala ya kifungo, ila kazi hiyo ni ya umma. Ninaomba aliyeibiwa naye apewe nafasi ya kusema ifanyike wapi, na afisa ustawi wa jamii aketi kikaoni upande wa yule kijana, mahali ambapo mjomba wake angeketi.