Soma Kwanza, Lipa Baadaye: Kununua Gari Kuukuu la Otomatiki

Ninyi mnaosoma somo hili katika karatasi, fungueni madaftari, shikeni kalamu, mkae mahali penye mwanga.

Somo letu la leo ni juu ya kununua gari kuukuu lenye gia za otomatiki. Pengine utasema, "Mwalimu, mimi sina fedha ya baiskeli, seuze gari!" Ngoja kidogo. Somo hili ni la kusoma herufi nne na tarakimu chache. Herufi na tarakimu hizo ziliniokolea shilingi milioni tano. Tena aliyeniokoa ni mwanafunzi kama wewe.

JINSI NILIVYOVUNJIKA MGUU

Mimi nakaa Lushoto, katika milima ya Usambara. Jioni nafundisha kusoma na kuandika katika vijiji vitatu. Na siku ya Jumamosi napenda kupanda baiskeli ya milimani. Hii ni baiskeli yenye tairi nene za meno na gia nyingi, iliyotengenezwa kwa njia za mawe na mizizi. Mchezo huu ulipata nguvu huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakishindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu. Mwaka 1996 ukaingia katika michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Nasi Usambara tuna milima ya kutosha.

Jumamosi moja, baada ya mvua, nilikuwa nikiteremka njia ya msituni. Majani yalikuwa yamefunika mzizi. Gurudumu la mbele liliteleza. Baiskeli ikaenda kulia, mimi nikaenda kushoto, na mguu wangu wa kushoto ukabaki kati ya baiskeli na jiwe. Kifundo kikavunjika.

Nilifungwa plasta kwa wiki sita. Ilipofunguliwa, daktari aliniambia, "Mguu wa kulia ni mzima. Lakini huu wa kushoto usikanyage kitu kizito kwa miezi mitatu."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya gia za mkono, na pikapu hiyo haiendi bila mguu wa kushoto. Kupanda pikipiki nikiwa na magongo mawili ni hatari. Madarasa yangu matatu yalikuwa yamefungwa, na wanafunzi walianza kutawanyika. Kwa hiyo niliamua kutafuta gari la otomatiki, kuukuu na la bei nafuu.

Fedha tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa milioni tano, nayo tuliiweka kwa ajili ya mabati. Mama watoto alikubali, lakini aliniambia, "Hii ni fedha ya mabati. Ukiipoteza, tutalala tukihesabu nyota."

GARI LA OTOMATIKI NI GARI GANI?

Gari la gia za mkono lina pedeli tatu. Ya kushoto ni klachi, ya katikati ni breki, ya kulia ni ya mafuta. Kila unapobadili gia, mguu wa kushoto lazima ukanyage klachi.

Gari la otomatiki lina pedeli mbili tu: breki na mafuta. Zote mbili hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu wa kushoto hupumzika. Gia hubadilika zenyewe ndani ya giaboksi, kwa nguvu ya mafuta maalum. Kampuni ya kwanza kuuza kwa wingi magari ya namna hii ni General Motors ya Marekani, mwaka 1939, katika magari ya Oldsmobile.

Siku hizi magari mengi ya namna hii yaliyo kwetu yametoka Japani, yakiwa yametumika huko. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Ndiyo maana magari yao yanatufaa.

Lakini sikilizeni vizuri. Usiseme, "Nimevunjika mguu wa kushoto, basi otomatiki nitaendesha leo leo." Muulize daktari kwanza. Mtu anayetumia dawa za maumivu zinazoleta usingizi asiendeshe gari. Asiyeweza kukanyaga breki kwa nguvu na kwa ghafula asiendeshe pia. Tena waulize watu wa bima.

HERUFI NNE

Sasa tusome. Karibu na mkono wa gia ya otomatiki pameandikwa herufi. Ziandike katika daftari lako:

P – gari limefungwa lisiondoke. Hapa ndipo unapoegesha.

R – gari linarudi nyuma.

N – gia haikushika. Injini inanguruma, lakini gari haliendi.

D – gari linakwenda mbele.

Chini yake, katika magari mengi ya zamani, utaona 2 na L. Hizi ni gia za nguvu. Utazitumia kwenye mteremko mkali, ili injini isaidie breki. Mtu anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Soni na Mombo, akategemea breki peke yake kwa njia nzima, ataziunguza.

GARI LA KWANZA

Nilisikia habari za gari mjini Tanga. Bei milioni tano. Nilimwomba mama mmoja wa darasa letu anisindikize. Mama huyu huuza mboga, na kila wiki hupeleka mzigo Tanga. Alikuwa katika mwaka wake wa pili wa kusoma.

Tulipofika, dalali alikuwa ameshaiwasha injini. "Mzee," aliniambia, "nimelipasha moto kwa ajili yako." Niliona ni heshima. Kumbe sivyo, na sababu yake nitaieleza.

Gari liling'aa. Viti vilikuwa safi. Dalali akasema, "Mzee, hii ni bahati yako. Yuko mtu anakuja saa nane, fedha mkononi."

Nanyi fikirini hali yangu. Jua kali, magongo yananiumiza makwapa, kifundo kinapiga kama ngoma. Nilitamani kuketi ndani ya gari lile niende nyumbani. Nilitia mkono mfukoni kutoa fedha.

Yule mama akauliza, "Mwalimu, kadi ya gari iko wapi?"

Dalali akatoa kadi. Kila gari lina namba ya chasisi, nayo imeandikwa katika kadi. Katika magari mengi ya Kijapani namba hiyo imegongwa pia kwenye bati, chini ya boneti, katika ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mimi na magongo yangu sikuweza kuinama. Mama akainama. Akafuta vumbi kwa pindo la khanga, akaweka kidole kwenye bati, akaanza kusoma polepole, tarakimu moja moja, kama tufanyavyo darasani. Mimi nilifuata katika kadi.

Akafika ya nne akasimama. "Mwalimu, kadi inasema ngapi?"

"Tatu."

"Bati linasema nane."

Nikasema, "Mama, tazama tena. Tatu na nane hufanana."

Akatazama tena. "Hapana, Mwalimu. Tatu ina milango miwili iliyo wazi. Nane imefungwa pande zote. Ulitufundisha mwenyewe."

Dalali akacheka. "Ni kosa la karani tu. Mchagua jembe si mkulima, mama!"

Mama akajifuta mikono. "Mwanangu, mimi ni mkulima tangu utoto. Jembe lililovunjika silinunui."

Wasikilizaji, nilirudisha fedha mfukoni kwa aibu. Miaka yote nimewaambia watu wasome kabla ya kutia sahihi. Siku ile mimi mwenyewe sikutaka kusoma, nilitaka kuketi. Aliyekuwa akinunua si mimi, ni uchungu wa mguu.

Huenda lilikuwa kosa la karani kweli. Huenda gari lilikuwa la wizi, au limeunganishwa kutoka magari mawili. Vyovyote iwavyo, namba zikitofautiana, usilipe hata senti moja. Mwenye gari aende kwanza kwa Mamlaka ya Mapato akasahihishe. Ukinunua kabla ya hapo, umenunua kesi.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

La kwanza ni kadi. Soma namba ya chasisi na namba ya injini, tarakimu moja moja, mtu mmoja kwenye gari na mwingine kwenye kadi. Soma na jina la mwenye gari, ulilinganishe na kitambulisho cha anayekuuzia.

La pili, fika injini ikiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, waambie utarudi kesho alfajiri. Magonjwa mengine ya injini na giaboksi huonekana gari likiwa baridi tu, na mtu mwerevu huyaficha kwa kulipasha moto.

La tatu, jaribu herufi. Kanyaga breki kwa nguvu, toa gia N uipeleke D, uhesabu: moja, mbili. Gari lapasa kushika pale pale, kwa upole. Ukifika tatu bado halijashika, au likishika kwa kishindo kama mtu aliyepigwa teke, giaboksi ni mgonjwa. Jaribu na R vilevile.

La nne, tazama mafuta ya giaboksi. Magari mengi ya zamani yana kijiti cha kuyapimia. Mafuta mazuri ya kawaida ni mekundu na safi. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, liache gari hilo. Lakini si magari yote yana kijiti, tena mengine hupimwa injini ikiwaka na mengine ikiwa imezimwa. Mchukue fundi unayemwamini wewe. Usimchukue fundi wa dalali.

La tano, liendeshe nusu saa, au mwenzako aliendeshe, mpaka lipate moto. Panda nalo mlima. Injini ikinguruma sana na gari lisiongeze mwendo, gia zinateleza. Ukisharudi, tazama chini mahali lilipoegeshwa kama kuna matone ya mafuta.

La sita, usimalize fedha yote. Gari kuukuu litadai tairi, betri na bima, na kubadili jina katika kadi kuna malipo yake. Jambo la betri ni kubwa: gari la otomatiki kwa kawaida haliwaki kwa kusukumwa. Na likiharibika njiani usilivute kwa kamba ovyo, kwa maana magurudumu yakizungushwa injini imezimwa, giaboksi inaweza kuharibika. Ukumbuke kwamba kutengeneza giaboksi kunaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana gari rahisi lenye giaboksi mbovu si rahisi.

GARI LA PILI

Wiki mbili baadaye tulirudi Tanga, mama yule, fundi wetu na mimi. Tulilala huko, na alfajiri tulikuwa mlangoni kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza Toyota Corolla ya mwaka 1998. Rangi yake ilikuwa imepauka, na kiti kimoja kilikuwa kimechanika. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Gia ilishika kabla sijafika mbili. Mafuta yalikuwa mekundu. Mama akasoma namba yote, nami nikafuata katika kadi, na hakuna tarakimu iliyokataa.

Tulipatana milioni nne. Tuliandika mkataba mbele ya mashahidi, tukasoma kila mstari kwa sauti, ndipo tukatia sahihi. Milioni moja ilibaki kwa tairi, bima na kadi.

Miezi mingi imepita sasa, na mguu umepona. Madarasa matatu yamefunguliwa tena. Lakini sitawaficha: jiko letu nyumbani bado limeezekwa nyasi, na mvua ikinyesha mama watoto hunitazama. Mabati yamechelewa. Yangepotea kabisa kama si mwanafunzi aliyejua tofauti ya 3 na 8.

Basi wewe unayesoma polepole, kidole chini ya neno, usione haya. Anayesoma polepole huona anachosoma. Na siku utakapokuwa mgonjwa, au umechoka, au una haraka, usiende peke yako kununua kitu kikubwa. Mchukue mtu asiyeumwa, akusomee.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Herufi P, R, N na D maana yake nini?

2. Kwa nini ni vizuri kulikuta gari injini ikiwa baridi?

3. Mama alisema tatu na nane zatofautianaje? Ziandike mara kumi kila moja.

4. Fanyeni wawili wawili: mmoja aandike namba ya tarakimu saba, mwenzake aisome kwa sauti, kisha mbadilishane.

Juma lijalo tutasoma jinsi ya kuandika stakabadhi. Kwaherini, wasikilizaji.