Mwenye nyumba, na wewe pia ni mpangaji

Hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha wenye nyumba na wapangaji, Kisauni, Mombasa.



Wazee wetu, mama zetu, vijana wenzangu. Nimepewa dakika kumi na nitajaribu nisizidi, maana najua hapa ndani kuna mpangaji na mwenye nyumba wake ambao hawajasalimiana tangu mwezi jana.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Marehemu baba alituachia vyumba vinane. Ndiyo chakula cha mama, ndiyo karo ya wadogo zangu. Lakini munajua mambo ya hapa Pwani: nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Ni nyumba bila ardhi. Tunalipa kodi ya kiwanja kwa mtu ambaye sijawahi kumuona uso, anayekuja ni ajenti wake. Wengi wenu muko hivyo hivyo. Nyumba yaweza kuwa na vigae na geti la chuma, lakini pale ilipokaa pana mwenyewe.

Mwaka mmoja yule ajenti akapandisha kodi ya kiwanja. Hakuna barua, hakuna kikao. Akasema asiyeweza abomoe aende na mawe yake. Tulilia. Tulienda kwa chifu, tukaenda kwa wazee, tukasema hii ni dhulma, mtu hafukuzwi kwa mdomo.

Mwezi huo huo, mimi nikamfungia mpangaji wangu.

Ni mama mmoja wa chumba cha tano, anafua nguo za watu, ana watoto wawili. Kodi 3,500, miezi mitatu, deni 10,500. Nikanunua kufuli nikapiga mlangoni yeye akiwa kazini. Watoto wakatoka shule, wakakaa barazani na mabegi yao mpaka magharibi. Mama yangu akaniuliza neno moja tu: "Sasa wewe na yule ajenti muna tofauti gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda nikafungua.

Nisiwadanganye kuhusu yaliyofuata. Yule mama alilipa. Mia tatu, mia tano, kwa M-Pesa, karibu mwaka mzima mpaka akamaliza. Lakini baadaye nilimpa muda kijana mwengine, naye akahama usiku, akaniachia deni la 7,000 na balbu ameng'oa. Kwa hiyo sisemi huruma inalipa kila mara. Dini yetu imetufundisha kumpa nafasi mdeni aliye na dhiki, na dini hiyo hiyo imetwambia mwenye uwezo akichelewesha deni anadhulumu. Kazi ngumu ni kujua huyu aliye mbele yako ni yupi. Na hutamjua ikiwa siku ya kwanza kuongea naye ni siku ya kufuli.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe.

La kwanza, notisi. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, iwe na maandishi. Akikataa kutoka, kuna mahakama, na kwa nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kuna baraza maalum la kesi za kodi. Kukamata mali ya mtu kwa deni ni kazi ya dalali mwenye leseni, si kazi yako na vijana wa mtaa. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona wapangaji wakiezuliwa mabati na kung'olewa milango hapa Kenya. Watu walikuwa hawana kazi, na wenye nyumba wengine walikuwa na mikopo ya benki inayowangoja. Shida ilikuwa ya pande zote. Lakini bati ukiliezua hulipwi, na pengine wewe ndiye utakayeshtakiwa.

La pili, risiti. Tuseme ukweli, wengi wetu hatutoi risiti kwa kuogopa ushuru. Haya, tupige hesabu. Tangu Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za kuishi ni asilimia 7.5, kwa anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Vyumba vyangu vinane vikijaa ni 28,000 kwa mwezi, ushuru 2,100. Unatozwa kabla ya kutoa gharama zozote, na ukarabati haukungoji. Inauma, sikatai. Lakini ukimnyima mpangaji risiti ili wewe ujifiche, umemuacha bila ushahidi. Siku mukikosana ni neno lake na lako.

La tatu, dipoziti. Ile ni amana. Wengine tunaipokea asubuhi, jioni imekuwa saruji. Mtu akihama tunaanza kutafuta nyufa ukutani. Suluhisho ni rahisi: siku anayoingia, zungukeni chumba pamoja, pigeni picha, muandike.

La nne, nani unampangisha. Munajua uchungu wa kuambiwa nyumba imeshachukuliwa mara tu ukitaja jina lako. Basi na sisi tusimfanyie mwengine kwa kabila lake, kwa dini yake, au kwa sababu ni mama anayelea watoto peke yake. Kifungu cha 27 cha Katiba hakiikatazi serikali peke yake kubagua, kinamkataza hata mtu binafsi. Muulize mtu kazi yake, muulize alikotoka, mpigie aliyempangisha mwanzo. Hiyo ni haki yako.

Na nyinyi wapangaji, mukikwama semeni mapema. Ukizima simu tarehe tano, unamfundisha mwenye nyumba kununua kufuli.

Nimalize. Sisi watu wa nyumba bila ardhi tunataka mwenye ardhi atupe notisi, atupe risiti, akae na sisi tuongee kabla ya kupandisha. Ni madai ya haki na tutaendelea kuyapigania. Lakini siku tutakapokaa mbele yake tutaulizwa: na nyinyi je, wapangaji wenu munawafanyia hivyo?

Nimekuja na fomu za mkataba, ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi. Ziko kwa yule dada mlangoni. Chukua mbili, moja yako na moja ya mpangaji wako. Changu cha chumba cha tano nimeshasaini.