SI KILA LILILO HALALI KISHERIA NI HAKI

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Wageni wanaofika kwetu Ukata hupenda kututania kwa jina la mahali petu, kwani katika Kiswahili ukata ni hali ya kukosa fedha. Utani huo tumeuzoea, na tunacheka pamoja nao. Lakini kila mkulima wa kahawa wa Mbinga anaujua ukata wenyewe, na anaujua mwezi wake. Huanza baada ya Krismasi na kufika kilele Februari na Machi, wakati chakula kinapungua ghalani, shule zimekwisha kufunguliwa, na kahawa ingali mbichi mtini. Nataka kuzungumza juu ya mambo yanayotendeka katika miezi hiyo, kwa sababu yanaonyesha ugonjwa ulioenea mbali zaidi ya milima yetu. Ugonjwa huo ni kudhulumu watu kwa kufuata sheria.

Nyote mnayajua magoma. Mtu mwenye shida humwendea mwenye fedha, akapewa shilingi, au debe la mahindi, au mfuko wa mbolea. Halipi kwa shilingi. Hulipa kwa kilo za kahawa wakati wa mavuno, na kilo hizo huhesabiwa kwa bei ya siku ya shida, si kwa bei ya sokoni. Viongozi wa serikali wameyakemea magoma mara nyingi. Hata hivyo yanaendelea, maana karatasi yake huandikwa vizuri. Inasema kwamba fulani amekopa, kwamba atalipa, kwamba amekubali kwa hiari yake. Kuna sahihi, kuna dole gumba, kuna shahidi. Ukiipeleka karatasi hiyo kwa mtu asiyejua habari ya Februari, ataona mapatano safi kati ya watu wazima wawili.

Ndugu zangu, mambo haya yana historia yake. Kahawa ililetwa Umatengo zama za ukoloni wa Waingereza, na katika miaka ya 1930 wakulima wa Ungoni na Umatengo walikwisha kuwa na chama chao kikuu cha ushirika, kile ambacho wazee wetu walikiita NGOMAT. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Miaka ya 1990, sisi tukiwa wanafunzi hapa, wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Wapo waliolipa bei nzuri, na walilipa papo kwa papo. Lakini vyama vilipodhoofika, mkopo wa mbolea na dawa uliokuwa ukipitia kwenye vyama ulidhoofika navyo. Shida ya Februari ilibaki pale pale. Pengo likawa wazi, na magoma yakalijaza.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema katika mikutano iliyopita. Mwaka 2012, nikiwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa kila mwezi, nilitoa magoma.

Nilikuwa nimekuja likizo. Akanijia mzee mmoja jirani yetu, mtu wa rika la baba yangu, waliosaidiana kulima ngolo tangu mimi sijazaliwa. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na ilihitajika ada, sare na godoro. Nilimpa shilingi 120,000. Tukaandikiana kwamba atanilipa kilo 100 za kahawa kavu. Mimi ndiye niliyeiandika karatasi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Mzee yule aliweka dole gumba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Msimu ulipofunguliwa, kahawa ilikuwa ikinunuliwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei yetu. Mzee alileta kilo zote 100. Hakupunguza hata moja. Nami nilizipokea.

Je, nilivunja sheria gani? Nimeitafuta sana nisiione. Sheria yetu ya Mikataba haiufuti mkataba kwa sababu tu bei yake ni ndogo, maadamu mtu amekubali kwa hiari. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, inayomtaka mfanyabiashara wa mikopo awe na leseni, ilitungwa mwaka 2018. Wakati ule haikuwapo. Sikuiba, sikughushi, sikuvunja mizani. Nilikuwa halali kabisa. Na mwaka uliofuata mzee yule hakuwa na ada, maana kahawa ambayo ingeitoa ilikuwa imekwisha kunijengea ukuta wa uani. Mtoto alirudishwa nyumbani mara mbili. Mara ya pili hakurudi tena shuleni.

Mama yangu ndiye aliyenieleza. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: kama baba yangu angekuwa ndiye mwenye shida, ningemwandikia karatasi ya namna ile? Sikuwa na jibu. Mwaka 2015 nilimwendea mzee, nikamrudishia tofauti yote ya bei. Alizipokea fedha na akanisamehe. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kutafuta vibarua, na miaka yake miwili ya shule sina namna ya kuirudisha.

Kwa nini nawaeleza haya mbele ya vijana? Kwa sababu sisi tuliosoma ndio tunaoandika karatasi. Asiyejua sheria akitaka kudhulumu, huvunja mlango, akakamatwa. Aliyesoma hupita mlangoni, tena akiwa na barua ya kumruhusu.

Tazameni ofisini kwetu. Kikao ambacho kingemalizwa kwa simu moja hupangiwa safari ya siku tatu. Barua ya mwaliko ipo, kibali kipo, stakabadhi za posho zipo. Mkaguzi akija anaona kila karatasi mahali pake, na hesabu zinapata hati safi. Nami nimewahi kusafiri namna hiyo. Lakini zahanati iliyokosa dawa kwa sababu ya siku zetu tatu haimo katika jalada lolote.

Tazameni na juu zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, au hisa katika kampuni, au nyumba za kupangisha. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti hayo. Kisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake. Sisemi kwamba tamko ni kitu kibaya. Ni kitu kizuri. Nasema kwamba swali limebadilika. Zamani tulimwuliza kiongozi, "Je, inakufaa kuwa na mali hii?" Leo twamwuliza, "Je, umeijaza katika fomu?" Na mtu anaweza kujaza fomu vizuri sana.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kutunga sheria nyingine. Sheria ni lazima, sipingi. Tangu msimu wa 2018 serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na hiyo ilikuwa hatua ya kumlinda mkulima. Lakini mkopeshaji mwenye shamba dogo naye ni mwanachama. Akipeleka kilo za mwenzake kwa jina lake, daftari la chama halina macho ya kuona. Sheria ikiziba tundu moja, werevu hutoboa jingine. Sheria ni ukuta wa kuzuia wezi. Haiwezi kumfanya mtu awe jirani mwema.

Waswahili husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mtoa magoma huja kwa sura hiyo hiyo ya rafiki wa dhiki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mzee wangu alinishukuru. Mwizi hashukuriwi, mimi nilishukuriwa.

Wadogo zangu, msidhani haya ni ya watu wazima peke yao. Enzi zetu walikuwapo bwenini waliokopesha kikombe kimoja cha sukari na kudai viwili siku wazazi walipokuja. Hakuna kanuni ya shule iliyowakataza. Kama desturi hiyo bado ipo, basi mafunzo ya magoma huanzia kitandani pa juu, kabla ya cheti cha kidato cha nne. Kipimo changu ni hiki, nanyi kitumieni: kabla ya kutia sahihi, jiulize kama unaweza kuisoma karatasi hiyo kwa sauti mbele ya watoto wa yule unayepatana naye. Kama huwezi, iache, hata kama mwanasheria ameipitisha.

Ndugu Mwenyekiti, sipendi kumaliza kwa maneno matupu. Naomba mkutano huu uamue mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama wetu aahidi kwamba hatatoa magoma, yeye mwenyewe wala kwa kupitia ndugu yake. La pili, kila mmoja wetu mwenye mshahara aweke akiba katika chama cha akiba na mikopo kilichoandikishwa huku kwetu, ili mzazi akipungukiwa mwezi Februari akope huko kwa shilingi, alipe kwa shilingi, na kahawa yake ibaki yake mpaka auze. Mimi nitaanza na shilingi 120,000. Mnajua sasa kwa nini nimechagua kiasi hicho.