Mtoto mlemavu naye aandikwe kwenye masomo



Tulipopita tukiandika watoto wa masomo, mama mmoja alitutajia watoto watatu. Wa nne, asiyeweza kutembea, alikuwa ndani ya hema. Tulipouliza, alijibu: "Huyu watamkataa." Hatukumlaumu. Alikimbia vita akimbeba mgongoni. Lakini mtoto asiyeandikwa, hakuna anayemtafutia nafasi.

Ndugu zetu, sheria iko upande wake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Haikutenga mtoto yeyote. Mwaka 2019 serikali ilianza kuondoa malipo. Na mwezi wa Mei 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za walemavu.

Tunajua madarasa yamejaa, na walimu wengi hawajui lugha ya alama ya viziwi. Lakini kuna mambo yasiyodai pesa: asiyeona au asiyesikia vizuri akae mbele, asiyetembea awekwe darasa lisilo na ngazi, majirani wapokezane kumsindikiza.

Wazazi, tusiwafiche. Viongozi, mnapohesabu, ulizeni mara ya pili: "Hakuna mwingine ndani?" Na mkurugenzi akikataa, mama asirudi kule peke yake. Kiongozi na kamati ya wazazi waende naye.

Yule wa nne tumemwandika. Sasa tumfikishe darasani sisi wote.