Sarafu ya Shilingi 40 si Tiketi ya Mamilioni
Hotuba ya afisa wa kaunti kwa wakazi wa Pipeline



Nimeombwa nizungumzie sarafu ya shilingi 40, ile yenye picha ya Rais Mwai Kibaki, kwa sababu wapo wanaopigia watu simu wakidai kuinunua kwa mamilioni.

Sarafu hii ilitolewa na Benki Kuu ya Kenya Desemba 2003, nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Ndiyo sarafu pekee ya matumizi yenye sura ya Kibaki. Baadaye ilirudi picha ya Mzee Jomo Kenyatta, na tangu Desemba 2018 tuna twiga, kifaru, simba na ndovu, maana Kifungu cha 231 cha Katiba kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu.

Wengine huichukulia kama nishani. Nishani hupewa mtu kwa jina lake, huvaliwa kifuani, wala hainunui hata mtungi mmoja wa maji. Hii ni pesa. Ilitengenezwa itumike dukani na kwenye matatu, ingawa ilitusumbua kuhesabu chenji, maana arobaini si kiasi tulichozoea. Nyingi bado zimo kwenye mikebe majumbani, na kitu kilichojaa mikebeni hakiuzwi milioni. Mkusanyaji anaweza kuongeza kidogo juu ya 40 ikiwa haijachakaa, basi. Ile ya shilingi 5 ya mwaka 1973, yenye pande tisa, ya miaka 10 ya uhuru, ndiyo adimu zaidi. Hata hiyo, mnunuzi wa kweli ataishika na kuikagua kwanza.

Mnunuzi hukupa pesa. Tapeli hukuomba: ya usajili, ya cheti, ya "mzungu" anayesubiri hotelini. Akisema utume elfu mbili kwanza, kata simu. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata akijiita wa benki. Na kama umeshatuma, mzee, usinyamaze kwa kuona haya mbele ya watoto. Nenda polisi siku hiyo hiyo, na usifute ujumbe wa malipo wala namba aliyokupigia.

Mwenye sarafu mfukoni leo aje hapa mbele tuiangalie pamoja.