Mama na karte yake ya uchaguzi



Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipiga kura ya rais. Sisi wa Beni na Butembo tuliambiwa tungoje, juu ya Ebola na vita. Kule Beni watu walipanga mstari hata hivyo, wakapiga kura yao wenyewe, ambayo haikuingizwa katika matokeo ya nchi. Mnakumbuka uchungu ule?

Wamama wa Kongo waliujua mbele yetu. Mwaka 1960, uchaguzi wa kuelekea uhuru ulikuwa wa wanaume peke yao. Mwaka 1966 Sophie Kanza, binti wa Léopoldville aliyesoma sosiolojia kule Genève, akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Alikuwa na miaka 26 tu. Mwaka uliofuata, katiba mpya ikaandika kwamba mama naye anachagua.

Kwa hiyo naumia nikikuta mama aliyerudi kijijini anasema: «Karte yangu iliungua pamoja na nyumba. Haina neno, bwana atapiga kura.»

Mama, ina neno. Kura ya bwana ni yake. Yako hakuna wa kukupigia. Usingoje siku ya uchaguzi: njoo kwa komite, tukusindikize kwa ofisi ya CENI kuomba karte ingine. Na ninyi wafadhili wetu, tunaomba nauli ya safari ile. Ni kidogo, lakini inarudisha mtu mzima.