Picha Zetu Zifike Hadi Sebuleni

(Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Siku ya Jubilii)

 

Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka 25 ya uimbaji. Baada ya ibada mtaona ukutani picha 180 tulizokusanya kutoka kwa albamu zenu: kanisa la mabati, sare ya kwanza, mashindano ya kwaya, harusi na mazishi. Tumezipanga kwa slaidi katika kompyuta, na nyimbo zetu zinasikika picha zikipita.

Lakini wako walio kwenye picha hizo ambao hatuko nao leo. Wengine wamelala katika Bwana. Wengine wangali hai, ila magoti yamechoka na hawawezi tena kupanda mlima huu. Nyumbani kwao hakuna kompyuta, na simu yao ni ya kupiga na kupokea tu. Hata hivyo sebuleni kuna runinga, na chini ya runinga kuna mashine ya DVD ambayo wajukuu huchezea nyimbo za injili. Ndiyo sababu kamati iliamua picha hizi zisiishie ukutani mwa kanisa. Tumezitia kwenye diski, ili mzee wetu akae kwenye kiti chake, abonyeze rimoti, na ajione akiimba.

Vikundi vingine hapa kanisani vimetuuliza kazi hii hufanywaje. Tumeonelea tuieleze, ili nanyi muweze kuwafanyia wazazi wenu.

Kwanza, kunakili slaidi kwenye diski hakutoshi. Slaidi za PowerPoint zinahitaji kompyuta yenye programu ya kuzifungua, na mashine ya DVD haina programu hiyo. Mashine inatafuta video iliyopangwa kwa utaratibu wa DVD, ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Kwa hivyo kuna hatua mbili: slaidi zigeuzwe kuwa video, kisha video igeuzwe kuwa DVD. Ukiruka moja, runinga itakwambia diski haisomeki.

Pili ni muda. Kwenye kompyuta mtu hubonyeza slaidi ikapita, lakini video haimngojei mtu. Ni lazima kila slaidi ipewe muda wake mapema. Vijana walipendekeza sekunde 4 kwa kila picha. Akina mama wakasema sekunde nne hazimtoshi mtu hata kuvaa miwani. Tukakubaliana sekunde 7. Ukizidisha kwa picha 180 unapata sekunde 1,260, yaani dakika 21, na tukachagua nyimbo tano za kujaza muda huo. Nyimbo zote tano zimetungwa na mwalimu wetu na tumezirekodi wenyewe. Wimbo una mwenyewe hata kama unaimbwa kanisani, na kama ni wa mtu mwingine, aombwe ruhusa kabla haujatiwa kwenye diski.

Tatu ni ukubwa wa maandishi. Picha ya DVD ya mfumo wetu ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, chache kuliko zile za kompyuta nyingi za leo. Jina linalosomeka vizuri kwenye kompyuta huweza kuwa ukungu kwenye runinga. Tena runinga za zamani, zile zenye mgongo, hukata kingo za picha. Kwa hivyo tumeandika majina kwa herufi kubwa na kuyasogeza ndani, mbali na kingo, ili asikatwe mtu jina wala kichwa.

Baada ya hayo kazi ni nyepesi. Tangu toleo la 2010, PowerPoint ina njia ya kuhifadhi slaidi kama video, pamoja na muda na nyimbo zake. Video hiyo tuliiingiza katika DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD ambayo hailipiwi. Hapo ndipo unachagua mfumo wa PAL, ambao ndio wetu hapa Kenya, badala ya NTSC wa Marekani. Programu yenyewe huigeuza video kuwa ya aina ya MPEG-2 ambayo mashine ya DVD inaielewa.

Kuchoma nako kuna adabu yake. Tulitumia diski tupu za DVD-R za GB 4.7, tukachoma kwa mwendo wa polepole, na mwishoni diski ikafungwa. Diski isipofungwa, kompyuta iliyoichoma huweza kuisoma lakini mashine ya sebuleni ikaikataa. Kabla ya kutoa nakala tuliijaribu moja katika nyumba tatu tofauti, tukianza na ile yenye mashine kuukuu kuliko zote. Ikicheza hapo, kuna tumaini itacheza na kwingine.

Mkipewa diski zenu, zishikeni kwa ukingo, msiziache juani, na msiziandike kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu. Na hata ikitunzwa, diski ya kuchomwa haiishi milele. Kwa hivyo picha zenyewe tumezihifadhi kwenye kompyuta ya kanisa, na nakala nyingine iko katika nyumba tofauti.

Sasa wapendwa, kuna jambo tunalowaomba. Katika picha hizo 180 kuna nyuso 14 ambazo sisi tulio kwenye kwaya leo hatuzijui majina. Ni watu waliosimama mahali tunaposimama sasa, wakaimba kabla kanisa halijapata hata kinanda. Wanaowajua ni wazee wetu walio nyumbani, na kila mwaka wanapungua.

Tumeandika nambari kwenye kila slaidi. Kijana, ukimpelekea nyanya au guka diski hii, usimwachie mlangoni ukaondoka. Keti naye. Uso usio na jina ukitokea, simamisha picha kwa rimoti umuulize, "Huyu ni nani?" Andika nambari na jina kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, uturudishie kabla ya mwezi kuisha. Tutayaongeza majina hayo kwenye slaidi na kuchoma diski upya.

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli waliagizwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka Yordani, ili watoto wao watakapouliza maana yake, wapate kuelezwa. Mawe peke yake hayasemi; alihitajika mzazi wa kueleza na mtoto wa kuuliza. Hata diski hii ni hivyo. Picha tumeziweka, majina yako kwa wazee wetu. Twendeni tukaulize wangali nasi.

 

Katibu, kwa niaba ya Kwaya